Kilichomuua Dada Yangu

Dada yangu alikufa Jumanne asubuhi akiwa na mimba ya miezi saba, na kabla ya siku hiyo kwisha mama yetu alikuwa amekwisha kumtaja aliyemuua. Alimtaja mbele ya watu, katika ua wetu pale Muthara, akiwa ameketi juu ya gunia, leso yake ya kichwa imemwangukia mabegani. Alisema, "Ni yule mwanamke aliyemlisha." Hakuna aliyeuliza ni mwanamke yupi. Dada alikuwa ameolewa mwendo wa nusu saa tu kutoka kwetu, na mwanamke aliyempikia katika siku zake za mwisho alikuwa mama mkwe wake.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni. Nilifika nyumbani nikakuta habari imeshakamilika, ina mwanzo na mwisho, na mimi nikaipokea kama nilivyopewa. Kwa wiki mbili dada alikuwa amevimba miguu hadi akawa anavaa ndara za mumewe. Uso nao ulijaa, na majirani wakamsifu kwamba ndoa imempenda. Kisha kichwa kikaanza kumuuma, maumivu yasiyosikia dawa. Mama mkwe akamwambia alale, akawa anampikia uji wa wimbi. Jumanne hiyo alikunywa kikombe kimoja, akasema anaona vimulimuli mbele ya macho na kwamba anaumwa chini ya mbavu. Aliinuka atoke nje, akaanguka mlangoni pa jikoni. Mwili ukatetemeka, meno yakafungana, povu likatoka. Wanaume waliokuwa wakipakia miraa kwenye pikapu waliteremsha magunia, wakampakia yeye. Gari halikufika hospitalini naye akiwa hai. Mtoto alikwenda naye.

Kwetu, povu lilikuwa na maana moja. Nani alipika uji? Basi.

Hakuna aliyepeleka neno hilo polisi. Halikuhitaji polisi. Lilifanya kazi lenyewe, polepole, sokoni na kanisani na kwenye vikundi vya akina mama. Watu waliacha kula nyumbani kwa yule mama. Siku ya harusi au matanga akija kusaidia kupika, wanawake walimpa kazi ya kuchota maji au kuosha vyombo, kazi zisizogusa chakula. Yeye na mama yetu waliendelea kusali katika kanisa lilelile, mmoja upande wa dirisha na mwingine upande wa mlango, na kwa miaka kumi na mitatu hawakusalimiana.

Lazima niseme na langu. Siku ya mazishi yule mama alinijia akaninyooshea mkono, na mimi nikauficha wangu mgongoni. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilijiona shujaa.

Baadaye nilisoma, nikawa mwalimu wa bayolojia. Nikaolewa na mwanamume wa Embu, mpole, fundi wa umeme, tukapanga nyumba mtaa wa Majimbo, huko Embu. Mwaka baada ya mwaka nilichora moyo ubaoni kwa chaki nyekundu na ya buluu, nikawafundisha watoto wa watu jinsi damu inavyosukumwa, jinsi mshipa ukiwa mwembamba shinikizo linavyopanda. Nilifundisha hata kondo la nyuma: linavyojishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba, linavyomlisha mtoto. Wanafunzi wangu walipita mtihani. Na hata siku moja sikuwahi kusimama mbele ya ule mchoro nikamfikiria dada. Nadhani mambo ya ubaoni na mambo ya nyumbani yalikaa vyumba viwili kichwani mwangu, na sikuwahi kufungua mlango wa kati.

Mimba yangu ya kwanza ilichelewa kuja. Ilipokuja, ilinitendea wema hadi wiki ya ishirini na tisa. Wiki hiyo pete ya ndoa ilikataa kutoka kidoleni hata kwa sabuni. Nilikwenda kliniki kwa siku yangu ya kawaida, na sista akanifunga kile kitambaa cha presha mkononi. Alitazama mashine, akafungua kitambaa, akakifunga tena.

"Mwalimu, umetembea haraka?"

"Hapana. Nimekuja na pikipiki."

"Keti kidogo. Upumzike."

Nilipumzika, akapima mara ya tatu. Mia moja arobaini na sita juu ya tisini na nne. Akanipa kikopo nikalete mkojo, akachovya kile kijikaratasi chake, tukakiangalia wote wawili kikigeuka rangi. Alichukua kalamu.

"Kuna mtu kwenu aliwahi kuwa na presha ya mimba? Mama? Dada?"

"Hapana," nilisema.

Sikudanganya. Katika nyumba yetu dada hakufa kwa presha. Alikufa kwa uji. Sista akaandika hapana, na siku hiyohiyo akaniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa.

Daktari aliyenipokea alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza kama mtu aliyetoka kuugua mafua. Alisema presha yangu haijawa mbaya sana. Angeweza kunipa vidonge nirudi nyumbani, nije tena baada ya wiki moja. Lakini aliniomba nilale wodini siku mbili wanitazame. Tena kulikuwa na kipimo kingine, cha utafiti, kinachofanywa kwa damu, ambacho sampuli zake zilipelekwa Nairobi. Kinapima vitu viwili katika damu ya mama. Je, ningekubali? Nikasoma fomu, nikatia sahihi, hasa kwa sababu mwalimu wa sayansi ataona haya kukataa sayansi.

Siku ya pili jioni nilikuwa tayari kuondoka. Presha ilikuwa imeshuka kidogo kwa vidonge. Nilikuwa na karatasi za mtihani wa kidato cha pili zinazonisubiri nyumbani, na mume wangu alikuwa njiani kunichukua. Mkoba ulikuwa juu ya kitanda, zipu imefungwa. Daktari aliingia na karatasi mkononi.

"Mwalimu, mkoba urudi chini ya kitanda."

"Kwa nini? Presha si imeshuka?"

"Imeshuka. Lakini damu yako inasema jambo lingine." Alivuta kiti. "Wewe unafundisha bayolojia. Nitakueleza yote, sitakuficha."

Akachukua kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia, akageuza karatasi, akachora. Nayakumbuka maneno yake vizuri kwa sababu tangu siku hiyo nimeyarudia kwa watu wengi.

"Mimba ikiwa changa, kondo la nyuma hujichimbia kwenye mji wa mimba kama mzizi. Likichimba sawasawa, mishipa ya mama pale hupanuka, inakuwa mipana, damu inaingia kwa utulivu. Kwa wanawake wengine kazi hiyo haimaliziki. Mishipa inabaki myembamba. Kondo linaishi na njaa. Umenipata?"

"Nimekupata."

"Sasa, kondo lenyewe hutengeneza kitu cha kukuza mishipa, cha kuifanya iwe laini na wazi. Ni protini. Inatumwa ndani ya damu ya mama, inafanya kazi mwili mzima. Likiwa na njaa, linatengeneza kidogo. Halafu linaachilia protini nyingine, nyingi, ambayo inaikamata ile nzuri kabla haijafika kwenye mishipa. Inaishika tu, kama mtu anayeshika barua njiani isifike. Mishipa yako ikikosa ile nzuri, inakaza. Presha inapanda. Figo zinaanza kuvuja, ndiyo ile protini tuliyoona kwenye mkojo. Ini linaumia. Mishipa ya ubongo nayo inaumia." Alipiga kalamu juu ya namba mbili kwenye karatasi. "Yako ile nzuri iko chini sana. Ile inayokamata iko juu sana. Watu wenye damu ya namna hii hawakai muda mrefu kabla mambo hayajabadilika. Inaweza kuwa siku chache, inaweza kuwa wiki mbili. Mimi sitaki yabadilike ukiwa Majimbo peke yako, bwana ameenda kazini."

Nilitazama mchoro. Ulikuwa mbaya kuliko yangu ya ubaoni, na ulikuwa wangu. Nikajisikia nauliza swali ambalo sikulipanga.

"Daktari, mishipa ya ubongo ikiumia, mtu anaweza kuanguka? Atetemeke, atoe povu?"

Aliweka kalamu chini. "Hiyo umeiona wapi?"

Nikamweleza. Sikuwahi kuieleza habari ya dada kwa mtu asiyeijua, na nilipokuwa naieleza niliona inavyosikika. Daktari hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza maswali machache, moja moja. Alivimba? Ndiyo. Uso pia? Ndiyo. Kichwa? Ndiyo. Aliona vimulimuli? Ndiyo. Maumivu yalikuwa wapi, hapa chini ya mbavu upande wa kulia? Sijui upande, nilisema, lakini chini ya mbavu.

"Na kliniki walipokuuliza kama kuna mtu kwenu…"

"Nilisema hapana. Kwetu tunasema alilishwa."

Kitanda cha pili kulikuwa na mama mmoja kutoka upande wa Mbeere, aliyekuwa amejifungua mtoto mfu siku mbili kabla, kwa ugonjwa huohuo. Alikuwa ametupa mgongo, lakini nilijua anasikiliza.

"Siwezi kumpima mtu aliyezikwa," daktari alisema. "Lakini hicho ulichonieleza tunakiita kifafa cha mimba. Hakuna uji unaofanya hivyo. Kama asingekunywa uji siku ile, angeanguka vilevile."

Nilimpigia mama simu. Nilimwambia tu nimelazwa. Kesho yake kabla ya saa sita alikuwa ameshafika kutoka Muthara, vumbi kwenye sketi, na chupa ya uji wa wimbi ndani ya kikapu. Aliumimina, akanipa kikombe, akasimama kuhakikisha nakunywa. Nilikunywa wote. Kisha nikamwambia. Tuliongea Kimeru, kwa sauti ya chini.

"Mama, daktari anasema huu ugonjwa wangu ndio uliomchukua dada."

"Daktari wako hakuwepo."

"Nimemweleza kila kitu. Kuvimba, kichwa, povu. Anasema ni mishipa. Ni kondo. Hakuna mtu aliyemfanya kitu."

"Mimi nilimwosha mwanangu," mama alisema, na midomo yake ikawa myeupe. "Nilimwosha. Usinifundishe jinsi alivyokufa."

Mama yangu si mtu wa kelele, na ndiyo maana ukali wake humfanya mtu anyamaze. Alikaa kwenye kiti akikunja na kukunjua kitambaa cha kikapu. Daktari alipokuja kuzunguka wodi alimsalimia kwa heshima, akapima presha yangu, akaisoma, akaipima tena. Ilikuwa imepanda. Ndipo akamgeukia.

"Mama, nisaidie kitu. Wewe mwenyewe, wakati wa mimba zako, uliwahi kuvimba? Uliwahi kuanguka?"

Nilitaka kumjibia. Mimi ndiye kitindamimba wa watoto wanne, na nilijua historia ya mama yangu: watoto wanne, wote wamezaliwa nyumbani, hakuna shida. Nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini mama alikuwa anaangalia sakafu.

"Wa kwanza," alisema kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha sokoni. "Kabla ya huyo msichana yangu aliyekufa. Kulikuwa na wa kwanza."

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alivimba. Siku moja akiwa shambani aliona giza, na alipoamka alikuwa kitandani kwa mama mkwe wake, yaani nyanya yetu, ulimi wake umejaa vidonda kwa sababu ameuuma, na tumbo liko tupu. Siku mbili zilikuwa zimepita. Mtoto alikuwa amekwisha kuzikwa nyuma ya migomba. Nyanya alimwambia jambo lile lisitoke mdomoni mwake tena, kwa kuwa mwanamke wa kuanguka hurudishwa kwao. Mama hakumwambia mtu. Baba yetu alikufa akijua tu kwamba mimba ya kwanza ilitoka. Miaka miwili baadaye akamzaa dada, salama, kisha sisi wengine, salama, na jambo lile likawa kama halikutokea.

"Niliona povu kwa mdomo ya mtoto," mama alisema, "nikasema ni sumu. Sikufikiria mimi. Nilisahau mimi."

Sijui kama alisahau. Sijawahi kumuuliza, na sasa sitamuuliza.

Baadaye kidogo alisema, "Kwa hivyo ni mimi nilimpa."

"Hapana, mama," daktari alisema. "Saa nyingine ugonjwa huu hutembea kwa familia, saa nyingine unampata mtu ambaye kwao haujulikani. Hakuna aliyempa. Si wewe, si yule mama."

Alisema *si yule mama* kwa upole kabisa, lakini nilimwona mama akishtuka kama mtu aliyeguswa kidonda.

Siku ya nne kichwa kilianza. Nilikuwa nimeketi natazama dirisha, na mwanga wa dirisha ukaanza kuvunjika vipande vipande vyenye ncha. Nilijua ni nini. Nilimwita sista kwa sauti ambayo mume wangu baadaye alisema aliisikia akiwa koridoni. Kila kitu kilikwenda haraka kwa kuwa kila kitu kilikuwa tayari: sindano za kukomaza mapafu ya mtoto nilikuwa nimeshadungwa tangu siku ile ya mkoba. Walinipa ile dawa ya kuzuia kifafa, na joto likapanda kutoka miguuni hadi masikioni kama nimeingizwa ndani ya tanuri. Presha ilikuwa mia moja themanini na kitu. Mama alikuwa ameshika mguu wangu, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya mwili wangu isiyokuwa na mtu. Nakumbuka taa za chumba cha upasuaji, na daktari akisema kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Ndio tunamtoa sasa, mwalimu. Kondo likitoka, ugonjwa nao unaanza kutoka."

Alikuwa msichana. Kilo moja na gramu mia moja. Alilia mara moja, kidogo, kama paka aliyekanyagwa, kisha wakamkimbiza.

Yule mama wa Mbeere aliruhusiwa kwenda nyumbani siku niliyorudi wodini. Alikuja kitandani kwangu na vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki, akasema, "Chunga huyo," akaondoka.

Tulikaa hospitalini wiki saba. Mtoto alikuwa analelewa kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa leso kama mzigo usio na uzito. Presha yangu ilikuwa bado inanisumbua, na siku nilizokuwa siwezi kuketi, mama ndiye aliyemfunga. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kwa muda wa saa nne au tano bila kusogea, vifungo vya blauzi vimefunguliwa, kile kichwa kidogo kikiwa chini ya kidevu chake. Hakuimba. Hakuongea. Siku moja tu aliniambia, bila kunitazama, "Yule wa kwanza sikumwona. Sijui alikuwa msichana au mvulana."

Mtoto alipofika miezi mitano nilikwenda naye Muthara. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu ya kumshawishi mama, lakini asubuhi ya pili nilimkuta amevaa nguo ya kanisani, viatu vimefungwa.

"Twende," alisema.

"Wapi?"

"Unajua ni wapi."

Tulimkuta yule mama mkwe wa dada ameketi kwenye ngazi ya jikoni akipukuchua njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyodhani, kwa maana nilikuwa nimemtazama miaka yote bila kumwona. Alipotuona hakuinuka. Mama yangu alisimama katikati ya ua.

"Muga," mama alisema. Ni salamu yetu ya kawaida, inayotolewa hata kwa mpita njia, na hakuwa amempa kwa miaka kumi na mitatu.

Yule mama hakuitikia. Aliendelea na njahi zake.

Mama akasema yote akiwa amesimama. Hakujitetea, na hakurembesha. Alisema binti yake hakulishwa kitu. Alisema ulikuwa ugonjwa wa mimba, kwamba umenipata na mimi, kwamba ulimpata na yeye mwenyewe kabla ya wote na akauficha. Alisema, "Nilikuita mwuaji, na hukuua."

Kuku walikuwa wanagombania maganda. Yule mama aliweka ungo chini.

"Nilimwambia aende kliniki," alisema. "Akasema ataenda Alhamisi, siku ya akina mama. Nikasema sawa, kunywa uji upate nguvu. Sikujua. Kama ningejua ningembeba mgongoni." Alijifuta mikono kwenye sketi. "Mnajua nilifanya nini baada ya kumzika? Nilirudi hapa nikachukua unga uleule, katika mtungi uleule. Nikapika sufuria nzima. Nikanywa yote, peke yangu, nimefunga mlango. Nilitaka kujua."

Mama yangu alijishika kifua.

"Sikufa," yule mama alisema. "Nilikaa nangoja, nikaona jua linashuka, sijafa. Lakini ningemwambia nani? Nilikunywa bila shahidi."

Hapo mimi niliongea. Nilimwomba msamaha kwa ule mkono niliouficha siku ya mazishi. Alinitazama kwa muda, akijaribu kukumbuka kwa kweli.

"Sikumbuki," alisema. "Siku hiyo mikono mingi ilifichwa."

Alitaka kumwona mtoto. Nilimfunua uso, akamtazama bila kumgusa, akasema yuko na paji la uso la dada yangu. Kisha akamgeukia mama. "Leo sitawapikia chai. Si kwa ubaya. Mkono wangu bado haujakubali. Na jambo lingine: ulilisema mbele ya watu. Liondoe mbele ya watu."

Njiani tukirudi mama alitangulia mbele kwa hatua za haraka. Nilidhani amekasirika. Jumapili ya pili baada ya hapo, ibada ilipokwisha na matangazo yakasomwa, aliinuka upande wa dirisha, akaomba ruhusa, akasema. Mimi nilikuwa nimesharudi Embu. Shangazi ndiye aliyenipigia simu. Aliniambia mama aliongea kwa Kimeru, kwa muda usiozidi dakika tano, na kwamba alisema hata habari ya mtoto wa nyuma ya migomba. Shangazi alilia kwenye simu. Wengine, alisema, walinong'ona kwamba ni mimi mwalimu niliyemjaza mama maneno ya kizungu. Na nasikia wako ambao hadi leo hawali kwa yule mama. Neno likikaa miaka kumi na mitatu huota mizizi hata mahali ambapo aliyelipanda hakukusudia.

Mimi nimebaki na vidonge vya presha, kimoja kila asubuhi. Yule daktari alihamishwa. Kabla hajaondoka alinieleza kwamba nikipata mimba nyingine nije mapema sana, mwezi wa pili au wa tatu, waanze kunipa aspirini kidogo kila siku, na wanifuatilie kwa karibu. Mume wangu anasema mmoja anatosha. Bado hatujaamua. Darasani, nikifika kwenye somo la kondo la nyuma, nawaambia wasichana wangu mambo ambayo hayamo kwenye kitabu: uso ukivimba, kichwa kikikataa kupoa, macho yakiona vimulimuli, usingoje Alhamisi.

Mwaka jana mwezi wa Agosti, yule mama alituma ujumbe kwa mtu wa kanisani. Alisema mama yangu aje aone mahali binti yake alipolala. Tangu siku ya mazishi mama hakuwa amelikanyaga lile shamba ila mara ile moja, na hata siku hiyo hakuvuka ua. Tulikwenda wote watatu, mimi nikiwa nimemshika binti yangu mkono. Kaburi liko chini ya mteremko, karibu na miraa za zamani. Lilikuwa limepaliliwa. Mtu alikuwa amepanda maua ya rangi ya chungwa kuzunguka, na yalionekana si ya juzi.

Mama aliinama akagusa udongo. Kisha akamwita dada kwa jina lake, mara mbili, jina ambalo nyumbani kwetu halikuwa limetamkwa kwa miaka mingi bila hasira kufuata. Yule mama alisimama kando akiwa ameshika jembe. Baada ya muda aliliweka chini, akaenda jikoni, na tukasikia akivunja kuni.